Hisa ya shamba: kwa nini kapu la Juni limejaa majani

“Kaka, Februari nimelipa dola mia sita, theluji ikiwa magotini. Leo Juni naenda shambani kuchukua hisa yangu, napewa mfuko wa majani na figili sita. Nimeliwa?”

Ujumbe huo wa sauti ulitoka kwa dada mmoja wa Muheza anayeishi magharibi mwa Massachusetts, Marekani. Si wa kwanza kuniuliza. Kila mwaka majira ya joto yanapoanza, Waswahili wa huku waliojiandikisha kwenye mashamba haya kwa mara ya kwanza hufungua mfuko, hukuta saladi za aina tatu, chainizi, spinachi na kitu fulani cha kijani kilichojikunja kama mkia wa kinyonga, halafu huanza kupiga hesabu. Nyumbani nako, jamaa wakisikia mtu “kanunua hisa za shamba Marekani”, wengine huuliza gawio litatoka lini. Wengine, waliowahi kuchomwa na miradi ya kulimiwa kwa simu, hutikisa kichwa tu.

Hajaliwa. Ila jibu hilo halitaeleweka mpaka tuanze na neno lililomponza, yaani hisa.

Nje ya mashamba haya mara nyingi kuna kibao chenye herufi tatu, CSA. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kilimo kinachobebwa na jamii. Mpango wenyewe hauna mafumbo: mkulima na walaji wa maeneo ya jirani wanapatana kabla ya msimu, walaji wanalipa mapema, mkulima analima, kisha kila wiki kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi Oktoba hivi, kila aliyelipa anachukua sehemu yake ya kilichovunwa wiki hiyo. Kiingereza kina neno moja, share, kwa sehemu yako ya nyama ya sadaka na kwa sehemu yako ya kampuni iliyo soko la mitaji. Sisi tunayo mawili, na watu wakachukua lile la soko la mitaji. Neno lililofaa ni fungu, kama fungu la mchicha au fungu la nyanya lililopangwa juu ya gunia. Ukilipa hupati ardhi, hupati faida, hupati kura ya kumwondoa mkulima. Unapata fungu.

Huyo dada wa Muheza nilimkumbusha machungwa. Kwao, mchuuzi hupita shambani machungwa yakiwa bado mabichi, akapatana na mwenye shamba bei ya matunda yote ya mti, akalipa, kisha akasubiri. Yakipukutika kwa upepo, imekula kwake. Yakinenepa, kapata. Huko Massachusetts ni jambo la ukoo mmoja na hilo, kwa maana kwamba pesa inatangulia mavuno na mnunuzi anabeba sehemu ya bahati mbaya. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mchuuzi wa machungwa hulipa mapema kwa sababu anajua ada ya shule imefika na mwenye mti hana pa kukimbilia, kwa hiyo bei humlalia mkulima. Kwenye mpango huu walaji wanalipa mapema makusudi, kwa bei inayotakiwa kufidia gharama halisi za kulima, ili mkulima asilazimike kulaliwa na mtu.

Gharama hizo haziji kwa wakati mmoja na mavuno. Shamba la mboga la kaskazini-mashariki mwa Marekani hununua mbegu Desemba na Januari. Machi, nje kukiwa bado na barafu, miche inaota ndani ya banda la nailoni linalopashwa joto kwa gesi, na gesi haikopeshwi. Aprili na Mei ni udongo, mboji, mabomba ya matone, mafuta ya trekta na mishahara ya vijana wa kazi. Pesa za mauzo zinaanza kuingia Juni. Miezi sita ya kutoa bila kuingiza ndiyo iliyowafanya wakulima wengi kuwa wateja wa kudumu wa benki. Dola 600 za Februari zilikuwa gesi ya banda.

Wazo hili lilipoota mizizi Marekani, lilianza na mashamba mawili mwaka 1986: Indian Line Farm lililoko South Egremont, Massachusetts, na Temple-Wilton Community Farm huko New Hampshire. Hili la pili lilifanya jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi atalitambua. Wakulima walikuja mbele ya wanachama na bajeti ya mwaka mzima, wakaisoma, na kila familia ikatoa ahadi kulingana na mfuko wake. Jumla ikipungua, ahadi zinazunguka tena mpaka pengo lizibwe. Hakuna bei ya karoti hapo. Mwenye uwezo anatoa zaidi, asiye nao anatoa kidogo, na mboga wanagawana kwa kadiri ya mahitaji.

Waliowatangulia walikuwa Wajapani. Kuanzia miaka ya 1970 akina mama wa mijini, wakihofia dawa za mashambani na maziwa yasiyoaminika, walikwenda wenyewe kwa wakulima kupatana nao, mpango ulioitwa teikei. Na Alabama, kwenye chuo cha Tuskegee, profesa Mweusi Booker T. Whatley alikuwa akiwashauri wakulima wadogo waanzishe klabu za wateja wanaolipa ada mapema na kuja kuchuma wenyewe shambani. Namtaja kwa sababu watu hudhani hii ni starehe iliyobuniwa na Wazungu wenye pesa. Leo wateja wengi ni hao kweli, lakini mbegu ilitoka mikono mingi.

Sasa tuje kwenye majani.

Magharibi mwa Massachusetts jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha umande na kuua mche mchanga, inaweza kupiga hadi katikati ya Mei na pengine baada ya hapo. Tarehe 18 Mei 2023 ilipiga usiku mmoja ikaunguza maua ya matufaha eneo zima la kaskazini-mashariki. Kwa hiyo nyanya, pilipili, biringanya na matango hayathubutu kutoka bandani kabla ya mwisho wa Mei. Baada ya kupandikizwa, nyanya inahitaji siku 60 hadi 80 kabla ya kuiva. Hesabu mwenyewe: mwisho wa Julai, au Agosti. Hakuna uvivu wala wizi hapo, ni kalenda.

Kinachoweza kuwahi Juni ni mimea isiyoogopa baridi na isiyohitaji kuzaa tunda ili iliwe. Figili ndogo nyekundu inakuwa tayari kwa siku 25 au 30 tu. Saladi, spinachi, chainizi na sukumawiki ni majani, na mmea hutengeneza majani kabla ya kuzaa tunda au kujaza kiazi. Tunda na kiazi ni akiba, na huwezi kuweka akiba kabla ya kupata kipato. Ndiyo maana kapu la msimu mzima linafuata umri wa mmea wenyewe: Juni majani, Julai maharage machanga ya maganda na matango, Agosti matunda, Septemba na Oktoba mizizi, viazi na maboga. Mteja wa dukani hala kwa mpangilio huo, kwa hiyo anapokutana nao mara ya kwanza anadhani kapunjwa.

Na ule mkia wa kinyonga? Ni kikonyo cha ua la kitunguu saumu. Vitunguu saumu vya huku hupandwa Oktoba, hulala chini ya theluji majira yote ya baridi, na Juni husukuma kikonyo kinachojizungusha kikitafuta kutoa ua. Mkulima anakikata ili nguvu ishuke kwenye kitunguu chini, kitakachong’olewa Julai. Zamani kilitupwa. Kikatekate, kikaange na mayai au kitie kwenye mchuzi wa dagaa. Harufu yake ni ya saumu lakini haikwaruzi koo. Kwangu mimi hicho ndicho kitu bora kwenye kapu la Juni, na wanaokiacha mezani siwaelewi.

Najua haya kwa kuwa msimu wangu wa kwanza nililipa nusu ya fungu kwa jasho. Mashamba mengi yanaruhusu hivyo: unafanya kazi muda wa saa chache kila wiki, bei inapungua. Juni jua la huko linachomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri na linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Mtu aliyezoea jua la Tanga, linalochomoza na kuzama kwa adabu mwaka mzima, anachanganyikiwa. Mimea haichanganyiki. Mwanga wa zaidi ya saa kumi na tano unaisukuma ikue mpaka unahisi ukigeuka imeongezeka, na magugu nayo ni mimea.

Siku ya mavuno kazi inaanza na majani, kabla jua halijapanda. Saladi iliyokatwa saa sita mchana inabeba joto la shamba ndani yake na kunyauka ingali mkononi. Iliyokatwa alfajiri ikatumbukizwa kwenye maji baridi hukaa wiki nzima. Baada ya kuoshwa, majani madogo yanatiwa kwenye mashine ya kufulia nguo. Sitanii. Wakulima wadogo wengi huchukua mashine kuukuu, wakaisafisha, wakaibakizia kazi ya kukamua tu, na mboga zinatoka zimekauka bila kuchubuka. Kisha zinaingia chumba cha baridi kusubiri wenye mafungu, ambao huja jioni wakitoka kazini na kujipimia wenyewe kwa kufuata ubao: saladi mbili, chainizi moja, spinachi robo kilo, figili shada moja. Wakati mwingine kuna kibao cha “nenda ukachume”, na hapo utaona watoto wanarudi kutoka kwenye matuta ya stroberi wakiwa na midomo myekundu na vikapu vitupu.

Baada ya mavuno ni palizi. Mkulima niliyefanya naye kazi alitufundisha kupalilia magugu kabla hatujayaona. Gugu likiwa bado uzi mweupe chini ya udongo, unapitisha jembe jepesi juu juu, uzi unakatika, jua linamaliza. Ukisubiri mpaka gugu liwe na jina, utaling’oa kwa mkono, moja moja, ukiwa umepiga magoti. Sisi tulisubiri. Mvua ilinyesha wiki nzima, na tulipoingia karoti zilikuwa hazionekani.

Utauliza kwa nini hatukupulizia dawa ya magugu. Shamba lilikuwa la kilimo hai, na hapo ndipo penye kutoelewana kwa pili, kuhusu neno hilo. Wengi huamini maana yake ni kutopulizia kitu chochote. Sivyo. Marekani neno hilo linalindwa kwa kanuni za serikali zilizoanza kutumika Oktoba 2002, na kanuni hizo, kwa ujumla, zinazuia mbolea na viuatilifu vya kutengenezwa viwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na tope la maji taka. Ardhi yenyewe lazima ikae miaka mitatu bila vitu hivyo. Lakini viko viuatilifu vinavyoruhusiwa, vingi vikitokana na bakteria, mimea au madini. Spinosadi, inayotokana na bakteria wa udongoni, hutumika dhidi ya mbawakawa wa viazi. Shaba hutumika dhidi ya ukungu. Vinaruhusiwa, na havipaswi kuwa kimbilio la kwanza. Kwanza ni kubadilisha mazao, kuokota wadudu kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na kuifunika chainizi kwa kitambaa cheupe chepesi ili wale mbawakawa wadogo warukao kama viroboto wasiifikie. Chainizi yako ikiwa na matundu kama chujio, kitambaa kilichelewa siku mbili.

Samadi nayo ina masharti yanayowashangaza watu wetu. Samadi mbichi lazima iingizwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa mengine. Kwa figili ya siku 30 maana yake ni kwamba samadi mbichi haiwezekani kabisa. Ni mboji iliyoiva, au iliyotangulia msimu uliopita. Anayekwambia kilimo hai ni kurudi kwenye jembe la babu hajaona makaratasi yanayojazwa. Na usishtuke ukikuta matuta yamefunikwa nailoni nyeusi kuzuia magugu, maana nayo inaruhusiwa, mradi iondolewe msimu ukiisha.

Kubebwa na jamii na kilimo hai ni vitu viwili tofauti. Shamba linaweza kuwa na mafungu bila kufuata kilimo hai, na kinyume chake. Tena mkulima anayeuza mazao ya kilimo hai yasiyozidi dola 5,000 kwa mwaka haruhusiwi kukiuka kanuni, lakini halazimiki kuwa na cheti. Kwetu neno limeshapata hata alama yake: Kilimohai, inayobandikwa kwenye bidhaa zinazofuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007. Alama hiyo inakuhakikishia namna chakula kilivyolimwa. Haikwambii nani atalipa mvua ikizidi.

Na mvua huzidi. Majira ya joto ya mwaka 2009, ukungu wa nyanya, ule ambao maofisa ugani wetu huuita bakajani chelewa, ulisambaa kaskazini-mashariki mwa Marekani mapema kuliko kawaida. Miche iliyougua iliuzwa kwenye maduka makubwa, watu wakaipanda bustanini, na mvua za Juni zikamalizia. Mashamba mengi ya kilimo hai yalipoteza nyanya zote, na mafungu ya Agosti yakaja bila nyanya. Julai 2023 mafuriko yaliingia mashamba ya Vermont na ya bonde la mto Connecticut huko Massachusetts. Mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko haiuzwi, hata ikionekana nzima, kwa sababu hujui maji hayo yamepitia wapi. Mwenye fungu katika msimu kama huo hupokea kidogo, na kwa kawaida harudishiwi pesa. Hapa ndipo fungu linapotofautiana na oda ya dukani, na ndilo jambo ninalotamani mkulima alitamke kwa sauti Februari badala ya kulificha kwenye karatasi.

Kwa sababu, niseme ukweli, si kila shamba lenye kibao cha CSA linabebwa na jamii leo. Mengine yamebaki na jina tu: unabofya kwenye simu, kadi inakatwa, boksi linaletwa mlangoni, na nusu ya vilivyomo vimenunuliwa kwa wakulima wengine. Si dhambi. Ila hakuna kikao wala ahadi, na wewe ni mteja kama wa dukani. Kabla ya kulipa uliza mboga zote zinatoka shamba hilo au la, msimu una wiki ngapi, ukisafiri nani anachukua fungu lako, na mwaka jana lilikosekana nini. Mkulima anayejibu swali la mwisho bila kubabaika, mwamini.

Kuhusu bei, gawanya. Dola 600 kwa wiki 20 ni dola 30 kwa wiki. Wiki za Juni utahisi umelipa ghali, Agosti utabeba mifuko mitatu. Kwa familia ndogo isiyopika kila siku ni hasara, nami huwashauri wachukue nusu fungu. Kwa wanaoishi kwa msaada wa chakula wa serikali, SNAP, mashamba mengi hupokea kadi yao, lakini kanuni hairuhusu kukata pesa zaidi ya siku 14 kabla ya kukabidhi chakula. Yaani wanaohitaji mboga kuliko wote hawawezi kulipa Februari kwa kadi hiyo, na shamba linaloamua kuwapokea linatafuta gesi ya banda mahali pengine.

Nilimweleza dada yetu yote haya kwenye simu, akanyamaza, akasema sawa, lakini majani ni majani. Wiki iliyofuata nikaenda naye. Wakati anajipimia spinachi aliona rundo kubwa pembeni ya banda, magugu ya palizi ya asubuhi yakisubiri kwenda kwenye mboji. Akalisogelea, akavuta shina moja, akaligeuza, akanusa. Lilikuwa mchicha. Huko unahesabiwa gugu baya kabisa la Juni, na wakulima wanauchukia kwa moyo wote. Akamuuliza kijana wa shamba kama unapuliziwa kitu. Kijana akasema hapana, ni takataka tu hizo.

Aliondoka na mifuko miwili, na fungu lake la figili alilisahau mezani. Jioni alinitumia picha ya sufuria, mchicha na nazi, bila maneno. Alhamisi yake mkulima alinipigia kuuliza kama yule mama atakuja tena, maana mstari wa karoti bado hauonekani.